Namba Hii Umeitoa Wapi? Kurejelea Vyanzo Katika Ripoti ya Maabara ya Kemia

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, imechapwa vizuri, na karatasi ya data iliyobanwa nyuma ilikuwa na doa la mafuta ambalo bado lilinukia karafuu. Mwanafunzi alikuwa amekeneka mafuta ya karafuu kwa mvuke. Zoezi hili tunalipenda hapa Dar kwa sababu malighafi yake haisumbui: unashuka Kariakoo, unanunua robo kilo ya karafuu za Pemba, unarudi maabara. Ukurasa wa pili aliandika kwamba yujenoli, kampaundi kuu ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi.

"Hii 254 umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ipo mtandaoni, mwalimu."

"Mtandaoni wapi?"

Akasita. "Niliiona kwenye ripoti ya mwaka jana, nikaenda kuangalia mtandaoni nikaikuta."

"Na huyo wa mwaka jana aliitoa wapi?"

Hakujua, na asingeweza kujua. Namba yenyewe ni sahihi. Vitabu vya data vinatoa 254 au 255 kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Lakini yeye hakuwa na njia ya kunionyesha kwamba ni sahihi, na mimi ningekuwa sijui kemia ya karafuu ningebaki na imani tu. Mwisho wa ripoti alipanga marejeo sita kwa alfabeti, kwa unadhifu mkubwa, na hakuna hata moja lililounganishwa na sentensi yoyote ndani ya ripoti. Yalikaa pale kama wageni walioalikwa harusini bila kuambiwa ni harusi ya nani.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tunafundishwa marejeo kama adabu ya mwisho: umemaliza kazi, sasa weka orodha ili mwalimu asikukate maksi. Kwa hiyo mtu anaandika ripoti nzima kwanza, halafu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, akiwa kwenye foleni ya steshenari, anatafuta vitabu vitano vya kuweka mwishoni. Kazi ya rejea ni nyingine kabisa. Rejea inamwezesha msomaji kurudi mpaka pale ulipochota, akakuta kitu kile kile ulichokikuta, katika hali ile ile. Katika kemia, maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Nitaeleza kwa mfano wa pipeti, kile kibomba cha kioo cha kupimia ujazo wa kimiminika. Zoezi la kwanza kabisa katika maabara nyingi ni kupima kama pipeti ya mililita 25 kweli inatoa mililita 25. Unavuta maji yaliyokenekwa, unayamwaga kwenye chupa iliyopimwa uzito, unapima tena, kisha unagawanya uzito wa maji kwa densiti yake. Tuseme mizani imesoma gramu 24.89. Mwanafunzi anafungua jedwali lililo karibu na kukuta densiti ya maji ni gramu 0.9982 kwa mililita. Anagawanya, anapata mililita 24.93. Pipeti za daraja A za ukubwa huo zinaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.03 tu, kwa hiyo anaandika kwenye majadiliano kwamba pipeti ya maabara ni mbovu.

Pipeti haina kosa lolote. Ile 0.9982 ni densiti ya maji kwenye nyuzi 20. Maabara yetu mwezi wa pili, feni zikizunguka na madirisha yote yakiwa wazi, ina nyuzi 30, na kwenye nyuzi 30 densiti ya maji ni 0.9957. Gawanya tena: mililita 25.00. (Naacha kando marekebisho madogo ya msukumo wa hewa kwenye mizani, hata ukiyaweka, pipeti bado iko ndani ya kiwango.) Mwanafunzi huyu angelazimika kuandika rejea kamili, yaani jina la kitabu cha data, toleo, ukurasa, na joto ambalo thamani hiyo ilitolewa, angeliona kosa lake kabla ya kuisema vibaya pipeti. Kuandika chanzo kungemrudisha kwenye jedwali, na jedwalini joto limeandikwa juu ya safu.

Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba thamani yoyote ya kifizikia au kikemia isiyotoka mikononi mwako inahitaji chanzo pamoja na masharti yake. Kiwango cha kuchemka kinakwenda na mgandamizo. Densiti, kipimo cha kupinda kwa mwanga na nguvu ya asidi vinakwenda na joto. Ukiandika kwamba pKa, yaani kipimo cha nguvu ya asidi, ya asidi ya siki ni 4.76 bila kusema kwenye nyuzi 25, umeacha nusu ya habari huko ulikoitoa.

Sasa, kipi kinahitaji rejea na kipi hakihitaji? Swali hili naulizwa kila muhula, na jibu la kwamba ukiwa na shaka weka rejea haliwatoshi wanafunzi, kwa sababu matokeo yake ni ripoti yenye namba ndogo baada ya kila neno. Kwamba maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja, huhitaji kumtaja mtu. Kwamba asidi na besi zikikutana hutoa chumvi na maji, huhitaji. Hayo msomaji wako aliyajua kidato cha pili. Vilevile matokeo yako mwenyewe hayahitaji rejea. Chanzo chake ni wewe na daftari lako la maabara. Ila data zikiwa za kundi jirani, kwa mfano nyinyi mlivunja bika mkaazima vipimo vyao, hilo lisemwe wazi kwenye sentensi.

Sehemu ya njia ndiyo inayosahaulika zaidi. Karibu kila zoezi la chuo linatoka kwenye kijitabu cha maabara kilichoandikwa na idara, na wanafunzi wanakiona kijitabu hicho kama hewa: kipo tu, hakina mwandishi. Kina mwandishi, kina mwaka, na mara nyingi kina toleo jipya ambalo limebadilisha kiasi cha kemikali. Andika kwamba ulifuata njia ya kijitabu fulani, ukurasa fulani, kisha eleza ulichobadilisha. Kama kijitabu kilisema chemsha kwa saa mbili na nyinyi umeme ulikatika baada ya saa moja na dakika kumi, rejea inabaki, na mabadiliko yanaandikwa pembeni yake. Ndivyo atakayekuja kurudia kazi yako atakavyojua kwa nini mafuta yako yalikuwa kidogo.

Kwenye majadiliano, kila unapolinganisha unahitaji chanzo. Ukiandika kwamba mavuno yako yako chini kuliko yanayotarajiwa, nitauliza: yanatarajiwa na nani? Na ukieleza sababu, tenganisha kilicho chako na kilicho cha wengine. "Huenda mvuke ulivuja kwenye kiungo cha pili" ni lako, uliliona kwa macho. Kwamba yujenoli huwa sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, lakini huambatana na asetati ya yujenoli na kariofilini, hilo uliambiwa na mtu, naye atajwe.

Nije kwenye umbo la rejea lenyewe, maana hapo ndipo watu huogopa. Wanakemia wengi hufuata mtindo wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani, ACS. Mtindo huo unakupa njia tatu za kutaja chanzo ndani ya maandishi: namba ndogo iliyopandishwa juu, namba ya mlazo kwenye mabano, au jina la mwandishi na mwaka. Idara nyingine hutaka APA au Harvard. Fuata mwongozo wa idara yako, na usichanganye mitindo miwili kwenye ripoti moja. Ukielewa kila kipande cha rejea kinafanya kazi gani, kuhama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine ni kupanga upya tu.

Nachukua rejea ambayo kila mwanafunzi wa sayansi wa nchi hii angepaswa kuijua kwa moyo:

Mpemba, E. B.; Osborne, D. G. Cool? Phys. Educ. 1969, 4 (3), 172–175.

Huyo ni Erasto Mpemba wetu, aliyegundua akiwa shule ya sekondari Magamba mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake. Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, ambaye Mpemba alimuuliza swali hilo alipokwenda kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Iringa.

Majina yametanguliwa na la ukoo, herufi za kwanza zikafuata, na waandishi wametenganishwa kwa nuktamkato ili msomaji asichanganye jina la mmoja na la mwingine. Mpangilio wa waandishi ni ule ule uliochapwa kwenye makala, na si alfabeti. Hapa mwanafunzi ametangulia na mwalimu amefuata, na ukiwageuza umefuta uamuzi wa watu wawili uliofanywa zaidi ya nusu karne iliyopita kuhusu nani apewe heshima ya kwanza. Kisha kichwa cha makala, neno moja na alama ya kuuliza. Phys. Educ. ni kifupisho cha jina la jarida, Physics Education, na huandikwa kwa mlazo. Vifupisho hivi havibuniwi. Kuna orodha inayoitwa CASSI, ya shirika la Chemical Abstracts Service, ipo mtandaoni bila malipo, unaandika jina la jarida unapewa kifupisho. Mwaka huandikwa kwa wino mzito. Namba 4 ni juzuu, kwa mlazo. Namba 3 kwenye mabano ni toleo ndani ya juzuu hilo. Mwisho ni kurasa.

Ukikosea herufi moja ya jina, msomaji atakisia. Ukikosea juzuu au ukurasa, atapotea kabisa. Kwa ajili hiyo ikaja DOI, namba ya kudumu ya makala, ambayo siku zote huanza na 10 na nukta. Ya makala hii ni 10.1088/0031-9120/4/3/312. Ukiiandika kwenye kivinjari baada ya doi.org na mkwaju, unafikishwa kwenye ukurasa wa makala hata kama mchapishaji amehamisha tovuti yake mara tatu. Kiungo cha kawaida hufa. DOI imetengenezwa isife. Kama chanzo chako kina DOI, iweke.

Jambo moja linalotuhusu sisi zaidi kuliko waliotunga mitindo hii ni majina. Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba na la babu, na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu huenda hana. Mwanafunzi anapokutana na makala ya mhadhiri wake mwenye majina matatu, anajiuliza aanze na lipi. Angalia makala yenyewe ilivyoandika, au jinsi mwandishi huyo anavyojitaja kwenye makala zake nyingine, na ufuate hivyo. Usimbatize upya. Nimeona mtu mmoja akitajwa kama watu wawili ndani ya ripoti moja, mara kwa jina la baba, mara kwa la babu, na msomaji akadhani matokeo hayo yamethibitishwa na watafiti wawili tofauti.

Kwa kemikali zenyewe, kuna utambulisho mwingine unaofaa kuandikwa kwenye sehemu ya vifaa: namba ya CAS, inayotolewa na lile lile shirika la Chemical Abstracts Service. Maji ni 7732-18-5, yujenoli ni 97-53-0. Yujenoli ina majina marefu ya kisayansi na majina ya biashara. Namba hii ni moja. Nayo hujikagua yenyewe. Chukua ile ya maji, acha tarakimu ya mwisho, kisha hesabu kutoka kulia: 8 mara 1, 1 mara 2, 2 mara 3, 3 mara 4, 7 mara 5, 7 mara 6. Jumla ni 105, na tarakimu yake ya mwisho, 5, ndiyo tarakimu ya mwisho ya namba. Ukiwa umenakili vibaya, hesabu hiyo kwa kawaida itakataa.

Lakini umbo zuri halitoshi. Unaweza kupanga nuktamkato zote mahali pake na bado ukawa umemdanganya msomaji, kama hukusoma unachokitaja.

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba spinachi ina madini ya chuma kwa wingi mno, na waliosoma zaidi wakatuambia kwamba huo ni uongo uliotokana na mwanasayansi wa karne ya 19 aliyekosea nukta ya desimali, akaipa spinachi chuma mara kumi ya kilichomo. Hadithi tamu, na imetajwa kwenye makala nyingi za kitaaluma kama onyo kuhusu uzembe. Ukiifuata nyuma, mnyororo unakupeleka kwenye makala ya T. J. Hamblin katika British Medical Journal ya mwaka 1981. Na Hamblin hakutoa chanzo. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal aliandika katika jarida la Social Studies of Science jinsi hadithi hiyo ya nukta ilivyosambaa kwa watu kunakili rejea za wenzao bila kufungua chanzo cha mwanzo. Yaani waliokuwa wakionya kuhusu uzembe walikuwa wenyewe wanarudia jambo lisilo na ushahidi.

Kisa kingine kinatisha zaidi. Mchapishaji mmoja mkubwa wa majarida aliweka kwenye mwongozo wake kwa waandishi mfano wa rejea, wa makala iliyodaiwa kuandikwa na Van der Geer na wenzake mwaka 2000, kuonyesha tu mpangilio unavyotakiwa kuwa. Makala hiyo haijawahi kuwepo. Hata jarida lililotajwa halikuwepo. Pamoja na hayo, Anne-Wil Harzing alipoifuatilia na kueleza habari zake mwaka 2017, ilikuwa imetajwa katika mamia ya makala za kweli.

Sasa tuna programu za akili unde, na kisa hicho kinajirudia kila usiku kwenye mabweni yetu. Mwanafunzi anaiambia programu impe marejeo matano kuhusu ukenekaji wa karafuu, na inampa: majina yanayosikika kweli, jarida lililopo, juzuu, kurasa, hata DOI. Nilizifungua tano za namna hiyo kutoka ripoti moja. Mbili hazikufunguka. Moja ilinipeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa. Moja ilikuwa na mwandishi wa kweli lakini kichwa ambacho hajawahi kukiandika. Ya tano ilikuwepo, ila ilihusu mdalasini. Sikumwadhibu, nilimkalisha tukafungua pamoja, moja baada ya nyingine, na ukimya wake ulinitosha. Programu hizi hutunga maneno yanayofanana na majibu, na rejea ni kitu chenye umbo rahisi mno kuigizwa. Kabla ya kuweka chochote kwenye orodha, bandika DOI, subiri ukurasa ufunguke, soma walau muhtasari na ule ukurasa unaoutaja.

Wikipedia naiweka kundi tofauti. Sikatazi kuisoma. Ina kazi nzuri ya kukupa picha ya mwanzo, na chini yake kuna tanbihi; fuata tanbihi, soma chanzo chenyewe, kisha utaje hicho. PubChem nayo ni hivyo hivyo: ni hifadhi ya wazi ya data za kemikali, na chini ya kila thamani imeandikwa ilikotolewa. Mwanafunzi anayeandika "PubChem" tu ameishia mlangoni. NIST Chemistry WebBook ni bora kwa thamani nyingi za kampaundi, haina malipo, na mara nyingi inakuonyesha vipimo kadhaa vya watafiti mbalimbali ili uone wanavyotofautiana. Tovuti yoyote utakayoitaja, andika na tarehe uliyoifungua.

Najua kilio cha wanafunzi: makala nyingi zimefungwa kwa malipo, na bando ni la siku moja. Ni kweli, na si haki kwamba maarifa yanauzwa kwa dola kwa kijana anayeishi kwa bumu. Lakini milango ipo. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo, majarida mengi yanafunguka ambayo ukiwa nyumbani Changanyikeni hayafunguki, kwa sababu maktaba za vyuo vyetu hupata huduma kupitia mipango kama Research4Life, iliyowekwa kwa ajili ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Pakua ukiwa chuoni, soma nyumbani. Kisha kuna AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika, ambako utalikuta Tanzania Journal of Science linalochapwa pale Mlimani na kusomwa bure. Nasisitiza hili kwa moyo wote: mtu anayepima maji ya visima vya Dar na kutaja utafiti wa Ohio peke yake, wakati wenzake waliochota maji ya ardhi hii hii wamechapisha, amewapita ndugu zake mlangoni bila salamu. Na makala ikishindikana kabisa, mwandikie mwandishi barua pepe. Wengi hutuma nakala, tena kwa furaha.

Kwa upande wa maji, angalia sana mwaka wa kiwango unachokitaja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu floridi hadi miligramu 4 kwa lita katika maji ya kunywa, huku mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukiwa 1.5. Baadaye kiwango chetu nacho kikashushwa hadi 1.5. Sampuli yenye miligramu 2.8 inafaulu kwa kiwango cha zamani na inaanguka kwa kipya. Ukiandika "kwa mujibu wa TBS", yaani Shirika la Viwango Tanzania, bila namba ya kiwango na mwaka wake, mtu hawezi kujua kama ulimwambia mwenye kisima ukweli.

Ndani ya maandishi, namba za marejeo hupangwa kwa jinsi zinavyotokea: cha kwanza kutajwa ni 1, na kikitajwa tena ukurasa wa tisa kinabaki 1. Ukiingiza chanzo kipya katikati, zote zinasogea, na ndiyo maana napendekeza programu kama Zotero, isiyo na malipo, ikufanyie kazi hiyo. Ila ikague, huchukua data kama ilivyozikuta, na majina yetu huyachanganya. Kuna mtego mmoja pia wa wanaotumia namba iliyopandishwa juu. Usiiweke mara baada ya kipimo. Ukiandika gramu 1.06 kwa cm³ kisha ukapandisha 4 ya rejea, msomaji ataona sentimita kwa kipeo cha 34. Peleka namba ya rejea kwenye jina la kampaundi au mwisho wa sentensi baada ya nukta.

Kuhusu maneno ya watu, kemia inatofautiana na fasihi. Mara chache mno tunahitaji kunukuu sentensi nzima ndani ya alama za mtajo, kwa sababu tunachotaka ni jambo lililogunduliwa na siyo namna lilivyosemwa. Kwa hiyo lieleze kwa maneno yako na uweke rejea. Lakini kuchukua aya ya mtu na kubadilisha neno moja moja kwa kamusi, muundo wake ukibaki ule ule, ni wizi hata ukiweka namba mwishoni. Ninachowashauri wanafunzi ni kusoma aya, kufunga kompyuta, kumweleza mwenzako kwa Kiswahili kilichosemwa, halafu kuandika ulichokieleza. Aya inayopita kwenye Kiswahili chako na kurudi kwenye Kiingereza cha ripoti haiwezi kufanana na ya asili, na kama hukuielewa utakwama hapo hapo kwenye kueleza.

Vyanzo vikipingana, vitaje vyote. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha katika Scientific Reports makala inayotilia shaka matokeo ya Mpemba, wakisema vipimo vyao havikuonyesha maji ya moto yakipoa upesi kuliko ya baridi. Mwanafunzi anayependa kumtetea Mpemba hana ruhusa ya kuwaficha hao, na anayewapenda hao hana ruhusa ya kuwataja bila kufungua zile kurasa nne za mwaka 1969. Akizifungua atakuta kitu ambacho muhtasari wowote humnyima: Osborne alimpa fundi wa maabara hapa Dar kazi ya kujaribu, fundi akarudi akasema maji ya moto kweli yameganda kwanza, na akaahidi wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sawa.

Yule binti wa karafuu alirudi siku ya nne. Ile 254 ilikuwa imeondoka ukurasa wa pili, kwa sababu alipokwenda kuitafutia chanzo aligundua kwamba haina kazi kwenye ripoti yake: mafuta yalitoka pamoja na mvuke chini kidogo ya nyuzi 100, na hakupima kiwango cha kuchemka popote. Alichokipima ni kupinda kwa mwanga, na refraktomita ilisoma 1.536. Kitabu cha data, toleo na ukurasa vikiwa vimeandikwa, kilimpa 1.541 kwa yujenoli. Mara ya kwanza alikuwa ameandika kwamba tofauti hiyo inaonyesha mafuta yake ni machafu.

"Mwalimu, ile ya kitabuni ni ya nyuzi 20," akaniambia kabla sijafungua. "Mimi nilipima kwenye 29."

Alikuwa ametafuta pia ni kiasi gani kipimo hicho hushuka kwa kila nyuzi kwa vimiminika vya aina hii, takribani 0.00045, na chanzo cha namba hiyo nacho alikiweka. Nyuzi tisa zilimpa 0.004. Akajumlisha, akapata 1.540, na namba ya rejea aliiweka baada ya nukta ya mwisho wa sentensi.